Kifungo cha Juu

Kaka yangu alikuwa bado anacheka sebuleni kwetu pale mume wangu alipoinua mkono akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

Kifungo kile kila mtu anakijua. Katika tamthilia anayoigiza kwenye runinga, mume wangu ni mhasibu mpole aliyegeuka muuaji, na kila anapotaka kuua hukifunga polepole kwa kidole gumba, mpaka kola ibane koo. Nyumbani hakifungi kamwe. Eti kinamkaba, hata siku ya harusi yetu alikataa.

Na kaka alitania tu. "Shemeji, kwenye runinga wewe simba, hapa dada yangu anakutuma chumvi!"

Sasa kaka akaacha kucheka. Akaweka kikombe mezani, macho yakamkimbilia mlangoni. Tamthilia ile hajakosa hata sehemu moja.

Nikalazimisha tabasamu. "Baba watoto, hebu fungua hicho kifungo. Unamtisha mgeni."

Mume wangu akanigeukia. Ngozi ya shingo ilikuwa imejikunja juu ya kola, lakini uso wake ulikuwa wa mtu asiyenielewa kabisa.

"Kifungo gani?"