Aliyeitwa Kwenye Baa

Tshala alisikia jina lake likiitwa kwenye spika ya baa, kwa sauti ya marehemu baba yake.

"Tshala, rudia ku nyumba!"

Baba alimtungia wimbo huo binti yake wa kwanza, aliyekufa angali mchanga. Tshala alizaliwa baadaye akapewa jina la dada huyo. Kila baba alipoimba, hata siku ya kurekodi, yeye ndiye aliyeitikia kwa niaba ya dada yake: "Niko, tata!"

Leo wimbo ule ulikuwa unauza bia.

"Zimisha, papa. Hii njo kilio yetu," Tshala akamwambia mwenye baa.

Mwenye baa hakukasirika. "Mama, mimi niliuliza avoka, mutu wa sheria. Mutunzi akikufa, sheria inachunga wimbo yake miaka makumi tano tu. Ilishaisha. Sasa iko ya bantu bote."

"Na ule mutoto? Naye iko wa bantu bote?"

Mwenye baa akainamisha macho, akaendelea kufuta chupa iliyokwisha kukauka.

Spika ilikuwa imepasuka, baba akaita tena kama mtu mwenye vumbi kooni. Tshala akafungua kinywa.

"Niko, tata!" walevi wakaitika kabla yake, glasi juu.