Mzee wa Koti

Jua lilikuwa limepamba moto, na bado Mzee wa Koti alikuwa amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Mzee, utaiva kabla ya supu," alimtania jamaa aliyesimama mbele yake, fundi viatu asiye na kibanda tena.

Watu wa foleni wakacheka. Yeye alishusha kofia akatazama chini, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu aanze kuja kwenye jiko hili la wasio na makazi.

Jiko lilikuwa na madirisha mawili. La kulia lilihudumiwa na yeyote aliyejitolea siku hiyo, na foleni yake ilikwenda haraka. La kushoto lilikuwa la mpishi mwenyewe, mwanamke aliyelianzisha jiko, na hapo watu walijazana kwa sababu upawa wake haukuwa na choyo.

Kila dirisha lilikuwa na pazia lililoshuka hadi karibu na ubao wa chini. Ilipita mikono na sahani tu, nyuso hazikuonana. Mpishi ndiye aliyeyatundika mapazia hayo. Aliwahi kulala kwenye baraza za maduka ya watu, na alisema kilichomtesa zaidi ya njaa ni macho ya wagawaji.

"Ukitazamwa sana, tonge halishuki," aliwaambia wageni kutoka nyuma ya pazia huku akiteka. "Mimi nilifukuzwa kwenye nyumba yenye vyumba tele, kisa nimekataa mume niliyechaguliwa. Aliyenisitiri siku hiyo hata ndugu yangu hakuwa."

Alisimulia bila kinyongo, kama anayesimulia mvua iliyokwisha nyesha. Kila aliposimulia, Mzee wa Koti alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwenye foleni ile kila mtu alikuwa na aibu yake ya kutosha, hakuhitaji kuazima ya jirani.

"Mzee, dirisha lile halina watu," alisema Mama Pacha nyuma yake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika sketi. "Si uende kule upate mapema?"

Akatikisa kichwa.

"Au umempenda mpishi wetu?"

Akatikisa tena, upesi mno, na watu wakazidi kucheka.

Mama Pacha alikuwa na haki ya kumtania. Kila Jumamosi, wakishafika kwenye kona, mzee humkabidhi sahani yake na kunong'ona kwamba leo tumbo limekataa. Mama Pacha huipokea na kuuliza ni tumbo gani hilo linalogoma siku zilezile. Wengine walisema huyu ni maskini jeuri, hataki kuonekana akila cha bure. Huenda. Ila hata yeye alikuwa akiona aibu kushukuriwa na yule mama, aibu ya kweli, iliyompandisha joto hadi masikioni.

Zamu yake ikafika. Akapenyeza sahani chini ya pazia, na mkono wa koti ukapita nayo, ule wenye kiraka cha bluu kwenye ukingo. Sahani ikarudi haina supu. Katikati yake palikuwa na ufunguo.

"Kuna chumba kimepatikana huku nyuma," alisema mpishi. "Ni kidogo, lakini kina kitanda, na mlango unafungwa kwa ndani. Hapa tunakwenda kwa zamu, na kati ya wasiopata bado, wewe ndiye wa siku nyingi. Chukua."

Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Hongera, mzee," alisema Mama Pacha, na alimaanisha, lakini sauti ilimkatikia njiani. Mtoto aliyekuwa mgongoni akakohoa kile kikohozi chake cha kulala kwenye saruji.

Mzee akaurudisha ufunguo ndani. Ukasukumwa tena nje.

"Unakiona kidogo?"

Kwingine alinong'ona, lakini mbele ya dirisha hili hakuwahi kutamka hata neno moja. Akifungua mdomo, ataumbuka. Akinyamaza, pacha wanarudi barazani, na kitanda kitapewa mtu asiyekihitaji. Jasho lilimtiririka ndani ya koti. Aliona aibu ya kusema na aibu ya kunyamaza, na zote mbili alikuwa amezichuma mwenyewe.

"Mpe mama wa pacha," alisema hatimaye, sauti kavu. "Mimi nina pa kulala."

Ndani, upawa uliacha kugonga sufuria.

Kisha mkono wa mpishi ukatoka na ufunguo, ukampita mzee, ukamwelekea Mama Pacha. Yule mama aliupokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu, akaishia kulia, na pacha aliyeshika sketi naye akalia kwa kumfuatisha. Fundi viatu akageuka pembeni akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mzee aliwekewa supu yake, ikajaa hadi ukingoni. Aliishika sahani, akageuka aondoke kabla hajaulizwa kitu. Mkono wa mpishi ukamdaka ukingo wa koti, na kidole gumba kikapapasa kile kiraka cha bluu taratibu, uzi kwa uzi.

"Kamrudishie mlinzi wako koti lake, baba," alisema nyuma ya pazia. "Kiraka hiki nilikishona mimi, asubuhi ile baada ya yeye kunifunika nalo nje ya geti lako."