Sahani ya Mgeni

Saratani ya umio ilikuwa imemwachia Kitwana uji tu, na upasuaji wa kesho alikuwa ameukataa. Kikundi cha wagonjwa kikamtuma Shomari, aliyefanyiwa upasuaji huohuo mwaka juzi, akamtie moyo.

Mke wa Kitwana akampakulia mgeni pilau, sahani ikajaa pomoni. Shomari akala vijiko vitano, akapumzika, akala vingine vitano. Saa nzima ikapita.

"Shemeji, pilau yangu mbaya?"

"Tamu, shemeji. Ila tumbo lilipunguzwa kuunda umio mpya, nakula kwa awamu."

Kitwana, aliyekuwa ameelekea ukutani, akageuka. Kipande kimoja cha nyama Shomari alikitafuna mpaka adhana ikaisha.

"Kimepita?" Kitwana akauliza.

"Kimepita."

Kitwana akachagua kijiko kikubwa kabatini, akakitia kwenye begi la hospitali alilolipiga teke asubuhi.