Fisi Ajiita Moto

Fisi alijifunza kwa ndege mhamaji kutoka Uchina kwamba ulimwengu una asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji, na kila moja huilisha inayofuata. Asubuhi hiyo hiyo akawagawia wanyama asili zao bila kumuuliza yeyote. Yeye akajiita moto. Komba, aishiye matawini, akawa mti. Chatu, kwa kuwa hulala chini, akawa udongo.

"Basi, mama," Fisi akamwambia Komba, "mti huulisha moto. Nipe huyo mtoto. Si mimi, ni elimu."

Komba alimbana mwanawe kifuani. Wengine wote wakainamisha vichwa, eti elimu haipingwi!

"Sawa, mheshimiwa," Komba akasema. "Ila hukumaliza. Moto nao humlisha nani?"

Fisi akakohoa. "Moto huacha majivu, majivu huwa... haya mambo ni marefu, mama."

"Huwa udongo," Chatu akadakia, akijikunjua taratibu. "Endelea, mwalimu. Somo limeninogea."

Fisi alitimka bila hata kuaga. Komba naye hakungoja kupongezwa. Alimpachika mwanawe mgongoni akapanda mti mpaka kileleni, maana Chatu alikuwa bado hajala.