Sayari Aliyoipa Jina la Bintiye

Kwa miaka kumi na miwili Mwalimu Kadenge alikuwa akipima mwanga wa nyota moja ya mbali. Kila siku ya tatu mwanga ulififia kidogo, sayari kubwa mno iliyoizunguka kwa karibu ilipokatiza mbele yake. Aliigundua mwenyewe, akaiita Kadzo, jina la marehemu bintiye.

Asubuhi hiyo Mwanakombo, mwanafunzi wake wa zamani, alimwekea grafu mezani.

"Mwalimu, kila mwaka inawahi zaidi kupita. Inaisogelea nyota yake. Mwishowe itamezwa."

Kadenge aliketi sakafuni. "Lini?"

"Baada ya miaka milioni mbili."

Kadenge aliinuka, akaivuta grafu karibu. Kisha akanyoosha mkono, akaomba penseli, akaanza kukokotoa upya saa ambayo sayari ingepita tena.