Nukta Kumi na Moja Nyeupe

Kofi lilisikika hadi jikoni. Wageni waliokuja kutazama picha katika ukumbi wa hoteli, pale Voi mjini, waligeuka wote kwa pamoja. Mchoraji Mwandawiro alibaki amesimama, mikono chini, shavu likiwaka.

"Umeuza wazee wako!" Nyanya Lois alifoka. "Wewe, niliyekubeba kwa mgongo huu!"

Alikuwa ameshuka kutoka kwao mlimani Sagalla kwa bodaboda, na vumbi la barabara lilikuwa bado kwenye leso yake. Ngina, mhudumu wa hoteli, alimletea kiti na glasi ya maji, akamshika mkono taratibu.

"Asante, mwanangu," Nyanya alimwambia, kisha akaendelea kufoka bila kukaa.

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango. Mlima mwekundu, mstari mweusi unaopanda, na karibu na kilele, nukta kumi na moja nyeupe. Muda mfupi kabla ya hapo, Mwandawiro alikuwa akiwaeleza wageni maana yake. Alianza kuchora akiwa mdogo, kwa makaa, kwenye ukuta wa jiko la nyanyake, naye nyanyake hakuufuta ukuta ule hata siku moja. Rangi nyekundu ni udongo wa kwao, alisema. Mstari ni safari ya maisha. Nukta ni amani.

"Amani gani?" Nyanya alisogea hadi kwenye picha, akaigonga kwa kidole. "Hiki ni kile kijito kilichokauka nyuma ya kanisa! Hapa ni mwamba uliopasuka, unapita kushoto. Na hizi si nukta. Haya ni mafuvu ya wazee wetu, kumi na moja, vile walivyopangwa pangoni. Sisi kule hatuendi hata kuokota kuni. Wewe umemchorea kila mtu njia!"

Ukumbini hakuna aliyekuwa hajasikia habari za mwaka jana: pango la ukoo wa jirani lilikutwa tupu, mafuvu manane yamebebwa, na mwizi hajulikani hadi leo. Wazee wa ukoo ule walilia kama watu waliofiwa upya.

"Nyanya, ni sanaa tu," Mwandawiro alisema kwa sauti ndogo.

"Sanaa! Wakiibiwa, utanichorea wengine?"

Mwanamume wa makamo alijipenyeza kati ya wageni. Alikuwa Bwana Hillary, mfanyabiashara wa vitu vya kale. Tangu asubuhi alikuwa ameipita picha ile bila kuitazama. Sasa aliitazama, kutoka chini kwenda juu, polepole.

"Pole sana, mama," alisema. "Nitainunua mimi, niifungie ndani. Hakuna atakayeiona tena."

"Nani amekuita wewe? Kaa mbali na mambo ya ukoo wangu!"

"Nataka kusaidia tu, mama. Na kule juu kuna mlinzi? Wazee wasije wakasumbuliwa."

"Mlinzi atoke wapi? Ni mimi tu, na kesho naenda Taveta kwa binti yangu. Nikirudi nikute hata mmoja hayupo, huyu si mjukuu wangu tena. Akinikuta njiani asinisalimie!"

Bwana Hillary alitikisa kichwa kwa huruma. Alilipa bila kubishana, akaibeba picha mwenyewe hadi kwenye gari, akaondoka kwa kasi. Wageni nao walitawanyika mmoja mmoja, wakimwangalia mchoraji kwa jicho baya.

Walipobaki wawili, Nyanya Lois aliketi. Alinyoosha mkono, akaligusa shavu la mjukuu wake.

"Umeumia?"

"Tulikubaliana utafoka, Nyanya. Kofi hatukulizungumza."

"Nilikuwa namwangalia yule wa vitu vya kale. Mkono ukaenda wenyewe."

Alivaa miwani, akatoa simu kifuani, akabonyeza namba moja baada ya nyingine.

"Afande, ameuliza kama kuna mlinzi. Atapanda leo ama kesho, jificheni vizuri. Thamosi ya chai nimewawekea nyuma ya mwamba, lakini kikombe ni kimoja, mpokezane. Na humo pangoni ongeeni polepole, wazee wamelala."