Kosa la Zaituni

Katika darasa la marudio la hesabu pale chuoni, Bi Siwema ndiye aliyewazidi wote umri. Mwalimu Kibwana alisimama nyuma yake, akagusa daftari kwa kalamu.

"Hapa umehamisha namba bila kubadili alama. Futa, mama, urudie."

"Nimeliona, mwalimu. Lakini mwandiko huu si wangu, ni wa Zaituni, marehemu binti yangu. Nilikuja kusoma aljebra nijue alikwama wapi."

Bi Siwema akafungua ukurasa mpya, akalifanya swali lile lile, akaipata x. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa Zaituni, akaufunika ule mstari wenye kosa kwa kiganja, maana kalamu nyekundu ya mwalimu ilikuwa bado wazi.